Huyo Ndiye: Maisha ya Mama Futa

Ndugu, jamaa na marafiki, wasifu mlioushika mikononi ni wa pili. Wa kwanza uliandikwa na dada mkubwa wa marehemu, mwalimu mkuu mstaafu, kwa mwandiko safi na maneno ya heshima. Jumatano asubuhi alimsomea mume wa marehemu wakiwa wamekaa mezani, kwenye kile chumba kilichojaa magazeti ya zamani. Mume akasikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini.

"Pole kwa kazi, shemeji," akasema. "Ila huyo simjui."

Wasifu ule ulisema kwamba marehemu alikuwa mpole, mvumilivu, na hakuwahi kumkwaza mtu.

"Mke wangu alinikwaza kila siku kabla chai haijapoa," akasema mume. "Nikisema jana mvua imenyesha sana, ananiuliza, 'Sana kiasi gani?' Huyo mpole wenu mmemtoa wapi?"

"Shemeji, marehemu hasemwi. Msibani tunataja mazuri."

"Na mimi nakutajia zuri lake."

Dada akajaribu kumkumbusha kwamba mchapaji anasubiri na wageni wako njiani. Mume akajibu kwamba mchapaji amemsubiri marehemu miaka mingi, siku mbili zaidi hazitamuua. Kisha akasema: "Alihangaika maisha yake yote ili watu wazikwe wakiwa wao wenyewe. Leo zamu yake imefika, mnataka kumzika na sura ya kuazima?"

Basi wakaanza upya. Huu hapa wasifu wa marehemu, kama ulivyokusanywa kutoka kwa mume wake, dada yake, watoto wake na wanafunzi wake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1961, akiwa mtoto wa nne na kitinda mimba wa karani wa reli na mpiga chapa wa ofisi ya mawakili. Walikaa vyumba viwili nyuma ya stesheni. Mama yake alikuwa akirudi na kazi nyumbani, na mashine ya chapa ilikaa kwenye meza ile ile ya kulia chakula, ikahamishwa sahani zilipokuja na kurudishwa sahani zilipoondoka. Mlio wake ulikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati, lakini kwa mtoto yule ulikuwa ndio bembelezo lake. Mashine ikinyamaza, yeye analia. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu hataki usingizi, anataka nimalize ukurasa."

Alijua kusoma kabla hajapelekwa shule, na hakufundishwa na mtu. Alikuwa akiokota karatasi za kaboni zilizotupwa, anazipandisha kwenye dirisha la upande wa jua, na kuyafuata maneno ya mawakili kwenye mwanga, herufi moja baada ya nyingine. Kwa hiyo maneno yake ya kwanza makubwa hayakuwa paka wala mpira. Siku moja baba yake alimnyima sukari, akamwambia, "Mteja wangu hajaridhika." Baba akacheka mpaka akamwongezea.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kuendelea na sekondari mwaka 1975. Huko alikutana na mwalimu wa Kiswahili aliyependa insha zenye mapambo, na akawa mwanafunzi wake kipenzi. Insha yake kuhusu safari ya asubuhi ilisomwa mbele ya shule nzima. Ilianza hivi: "Jua lilichomoza kwa madaha mithili ya bibi harusi anayetoka chumbani mwake, huku ndege wakiimba nyimbo za kumtukuza." Watu wakapiga makofi. Jioni, dada yake mkubwa, aliyekuwa kwenye safari hiyo hiyo, akamwambia wakiwa wanaosha vyombo, "Mdogo wangu, mimi nilikuwepo. Kulikuwa na mawingu tangu tulipoamka, na wewe ulitapika kwenye basi."

"Matapishi hayapati alama," akajibu.

Alikuwa na hakika ya jambo hilo kwa miaka mingi. Aliingia chuo kikuu mwaka 1982, akasoma fasihi, akahitimu mwaka 1985, na kuajiriwa kama mhariri msaidizi katika jarida moja la afya. Mwaka 1988 aliacha kazi ili awe mwandishi wa kujitegemea. Mama yake alikuwa hai bado, na mazungumzo yao ya siku ile yamekuwa hadithi ya ukoo.

"Umeacha kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Unaenda kufanya nini?"

"Kuandika."

"Na pale ulikuwa unafanya nini?"

"Kuandika."

"Mwanangu," mama akasema, "hata mbuzi akihama zizi huwa ameona majani."

Majani hayakuonekana mapema. Ofisi yake ilikuwa pembe ya chumba nyuma ya pazia, meza yake ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya masanduku, kitasa chake kikiwa bado mahali pake. Aliandika chochote alichoombwa: maelezo ya kuchanganya rangi za nyumba, mchezo wa redio kuhusu malaria, hotuba za mameneja, kadi za mialiko, maelekezo ya kufunga pampu ya maji. Hakuna kazi aliyoidharau. Lakini zote alizipaka sukari ile ile aliyopigiwa makofi shuleni. Mhariri mmoja alimrudishia makala kwa sentensi mbili pembeni: "Maua nimeyaona. Tunda liko wapi?" Alikasirika, akaichana ile karatasi, kisha akaiokota vipande na kuisoma tena. Bado hakuelewa.

Aliyemfanya aelewe ni mjane mmoja, mwaka 1992.

Mume wa mama huyo alikuwa msimamizi wa ghala la nafaka, na familia ilimwomba marehemu aandike wasifu wa msiba. Akawasikiliza ndugu wawili kwa simu, akakaa mezani, akaandika kwa saa chache. Aliandika kwamba taa imezimika na mti mkubwa umeanguka. Aliandika kwamba msimamizi wa ghala alikuwa mpole kama njiwa, mtu wa watu, mwenye tabasamu lisilokauka. Wasifu ukasomwa, watu wakalia, ndugu wakamshukuru kwa mikono miwili.

Watu walipoanza kutawanyika, mjane akamfuata akiwa na karatasi ya ratiba mkononi. Hakuwa na hasira. Ndiyo maana yalimwingia.

"Mwanangu, umeandika vizuri sana."

"Ahsante, mama. Poleni sana."

"Nilitaka kukuuliza tu. Tumemzika nani?"

"Mume wangu hakuwa njiwa," mjane akaendelea. "Alikuwa anagombana na redio. Taarifa ya habari ikianza, na yeye anaanza. Tabasamu nimeliona mara chache, na kila mara nilijua nimelifanyia kazi. Mimi namlilia huyo. Nimesimama pale kaburini nasikiliza, nangoja mumfikie, hamkumfikia. Sasa nimebaki na maiti wawili, mmoja wenu, mmoja wangu. Na wangu hajasomewa kitu."

Mama Futa alikuwa akisimulia jambo hili kwa wanafunzi wake bila kujihurumia. Alisema alitembea kurudi nyumbani kwa miguu, njia nzima ile, na kila alipopita aliona vitu ambavyo hakuwahi kuviandika: mtu akifunga mlango wa duka kwa kuupiga teke, mama akijipepea kwa sahani ya plastiki. Wiki iliyofuata akarudi kwa mjane. Akaomba kiti jikoni. Akauliza maswali mpaka jua likahamia ukuta wa pili: aligombana vipi na redio, alikaa upande gani wa kitanda, akiwa na njaa alisemaje, akiwa ameshindwa kwenye ubishi alifanyaje. Kisha akaenda kuandika upya wasifu wa mtu ambaye tayari alikuwa ardhini, kazi ambayo hakuna aliyemwagiza. Akarudi kuusoma jikoni kwa mtu mmoja tu. Alipofika mahali msimamizi wa ghala anapoizima redio kwa hasira na kuiwasha tena baada ya dakika moja ili aendelee kubishana nayo, mjane akacheka, akajifunika uso kwa kanga, akalia.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye."

Kuanzia hapo maneno hayo mawili yakawa mizani yake. Hakutoa kazi nje ya nyumba mpaka mtu anayekijua kile kitu amesikiliza na kusema huyo ndiye, au hiyo ndiyo. Hata kwa rangi na pampu. Alipoandika maelekezo ya pampu, alimpelekea mtu aliyekuwa anaifunga kwa mara ya kwanza, akasimama pembeni mdomo kaufunga, akaangalia ni sentensi ipi itamfanya akune kichwa. Hiyo ndiyo aliyokwenda kuitengeneza.

Jina la Mama Futa alipewa na mchapaji. Marehemu alikuwa akienda dukani kwake kupitia kurasa kabla hazijachapwa, na kila anapoweka kidole anasema, "Futa hapa." Mchapaji, aliyekwisha kupanga kila kitu, akawaambia vijana wake, "Huyu mama ipo siku atalifuta hata jina la duka." Kweli, mwaka uliofuata alimshawishi mchapaji aondoe maneno manne kwenye kibao cha duka lake, na watu wakaanza kukisoma.

Ni katika duka hilo alikokutana na mume wake. Mwalimu wa hesabu alileta mtihani wa muhula uchapwe, akamkuta mwanamke asiyemjua ameshauchukua na anausoma kwa kukunja uso.

"Samahani, huo ni wangu."

"Swali la nane lina maneno mengi kuliko namba. Wanafunzi wako watafeli Kiswahili wakidhani wamefeli hesabu."

"Basi lipunguze."

Akalipunguza. Mwalimu akarudi muhula uliofuata na mtihani mwingine, na baada ya hapo akaanza kuleta mitihani ambayo haikuhitaji kuchapwa. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994. Kadi ya mwaliko waliiandika bwana na bibi harusi wenyewe, na ilichelewa kwa sababu bibi harusi hakuridhika na mstari wa pili. Baadhi ya wageni waliipata baada ya kula harusi. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na mtoto wa kiume.

Mume ndiye aliyekuwa msikilizaji wake. Yeye anasahihisha madaftari upande huu wa meza, mke anasoma kwa sauti upande ule, anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Kulikuwa na siku ambazo mwalimu alichoka. Siku moja, akitamani chakula kipakuliwe, alidakia katikati ya usomaji, "Huyo ndiye!"

Mke akasimama. "Huyo ndiye nani, mwalimu? Nakusomea namna ya kusafisha tangi la maji."

Chakula kilichelewa zaidi. Na ukweli usemwe, mara nyingi kilikuwa kimeungua. Sufuria za nyumba ile zina vitako vyeusi, na binti yao anasema alikuwa mkubwa ndipo alipojua kwamba maharage hayana ladha ya moshi kwa asili. Marehemu pia alichelewa. Alichelewa kwenye vikao, kwenye harusi za watu, na mara kadhaa kwenye kuwasilisha kazi, na wateja wawili wazuri walimwacha kwa hilo. Hakuwaza kwamba walimwonea. Alisema, "Wao walitaka Ijumaa. Mimi nilitaka iwe nzuri. Wote tulikuwa na haki."

Hakuweza kuliacha neno bovu lipite. Alisahihisha matangazo ya zahanati kwa kalamu. Aliwasahihisha watu wakiwa katikati ya sentensi, na wengine mliopo hapa mlisahihishwa. Dada yake alipostaafu, alimpa marehemu hotuba yake ya kuaga aipitie, kurasa sita. Ikarudi ukurasa mmoja. Dada akanuna msimu mzima wa mvua, simu hazipokelewi, salamu zinapitia kwa watoto. Siku ya sherehe ilipofika, akaenda jukwaani na ule ukurasa mmoja. Ukumbi mzima ukasimama. Dada akashuka, akampita mdogo wake kwenye kiti, akamwinamia sikioni:

"Usizoee."

Tangu mwaka 2003 aliwafundisha waandishi vijana siku za Jumamosi, sebuleni kwake, kila mtu na kikombe chake na kiti anachokipata. Hawakupewa siri yoyote, maana alisema ufundi hauna siri, una marudio. Aliwaambia wasome kwa sauti, kwa sababu jicho lina adabu, linaruka makosa, lakini sikio ni mswahili, linasema hapo hapo. Aliwaambia sentensi inayojitazama kwenye kioo itumwe sokoni ikabebe kitu. Aliwaambia wakubali kazi ndogo na waifanye kama kubwa. Mwanafunzi mmoja, ambaye leo anajitegemea kwa kalamu yake, alimletea makala iliyoanza na jua linalochomoza kwa madaha. Wenzake wakaanza kucheka.

"Msicheke," Mama Futa akasema. "Mimi nilipigiwa makofi kwa jua hilo." Kisha akamgeukia mwanafunzi yule. "Asubuhi hiyo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na harufu ya matairi. Na nilikuwa nimevaa viatu vya kaka."

"Ndio mwanzo wako huo. Nenda kaandike."

Wengi waliopita kwenye sebule ile wako hapa leo. Wameandika vitabu vya shule, vipindi vya redio, habari, matangazo, na wasifu wa wazee wa mitaa yao. Wasifu alizoandika mwenyewe hazina hesabu. Kuna watu katika mji huu ambao wajukuu zao wanawajua kwa namna walivyokohoa kabla ya kukataa jambo, kwa sababu tu Mama Futa alikwenda kukaa jikoni na kuuliza.

Mwaka 2022 marehemu alianza kuchoka akipanda ngazi, na vipimo vikaonyesha ugonjwa wa moyo. Alitibiwa, akapata nafuu, akaendelea kufundisha akiwa amekaa. Mwezi Machi mwaka huu, 2024, alilazwa. Daktari, kijana mwenye heshima, akamwambia, "Mama, hali yako si nzuri sana."

"Daktari, ondoa hiyo 'sana.'"

"Hali yako si nzuri, mama."

"Ahsante. Sasa tunaelewana. Kaa hapo unieleze."

Akiwa wodini alikiona kikaratasi cha maelezo ya dawa walichopewa wagonjwa wa moyo, akamwona mama wa kitanda cha jirani akikigeuza juu chini bila kujua aanzie wapi. Akaomba kalamu. Mkono ulikuwa mzito, kwa hiyo alitamka na binti yake akaandika. Kila mstari ulisomwa kwa yule mama wa jirani, na kila alipouliza swali, mstari ulibadilishwa. Ilichukua siku kadhaa. Yule mama aliposema, "Sasa nimejua kidonge cha asubuhi na cha jioni," marehemu akalala mchana kutwa, ameridhika. Hiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho. Hakuandika jina lake chini.

Mama Futa alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Wasifu wa kwanza ulisema kwamba alifariki kwa utulivu, akiwa amezungukwa na wote aliowapenda. Mume aliposikia hapo Jumatano alitikisa kichwa, na Alhamisi, walipofika mahali hapo kwa mara ya pili, akasema mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Hawakuwa wamemzunguka. Dada na watoto walikuwa wameshuka kunywa chai, kwa sababu mgonjwa mwenyewe aliwafukuza, akisema wanamtazama kama basi linalochelewa. Chumbani alibaki mume peke yake. Chumba hicho, alikohamishiwa kutoka wodini, kilikuwa na madirisha mawili. Marehemu akafumbua macho, akasema, "Fungua dirisha." Mume akainuka, akafungua lililokuwa karibu. Nyuma yake akasikia sauti, ndogo lakini ile ile:

"Siyo hilo."

Akaenda kwenye la pili, la upande wa jua, akahangaika na kitasa chake, akalifungua. Mwanga ukaingia mpaka kitandani. Alipogeuka kumwuliza kama ndilo, alikuwa ameshakwenda.

"Tuandike hivyo?" dada akauliza, kalamu mkononi. "Maneno ya mwisho ya mdogo wangu yawe 'siyo hilo'?"

"Andika."

Dada akaandika. Akarudi mwanzo, akasoma yote kwa sauti, akitembea mpaka mlangoni na kurudi kama alivyokuwa akifanya marehemu. Mume alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alikaa kimya kwenye kaboni na mawakili, kimya kwa mjane, kimya kwa maharage. Dada alipofika kwenye dirisha, alisikia kitu akadhani shemeji yake analia, akasita. Alikuwa anacheka, mabega yanatikisika, miwani mkononi. Alikuwa hajacheka tangu Jumapili.

"Huyo," akasema. "Huyo ndiye." Kisha akajifuta macho. "Mpelekee mchapaji haraka, shemeji, kabla mwenyewe hajaamka akaanza kufuta."

Marehemu ameacha mume wake mwalimu wa hesabu, binti mmoja muuguzi, mtoto mmoja wa kiume fundi wa umeme, mkwe mmoja, wajukuu watatu, ambao wawili wameshaanza kusahihisha wakubwa, dada yake mkubwa na kaka zake wawili, wapwa, mashemeji na mawifi, mchapaji wake wa tangu zamani, na wanafunzi wa Jumamosi, ambao watakutana sebuleni kwake Jumamosi ijayo, kila mtu na kikombe chake.

Apumzike kwa amani, upande wa dirisha alilolitaka.